Jinsi ya kupima kasi ya uoksidishaji wa isopropanoli kwa kichocheo cha rutheniamu

Zoezi la kuoksidisha alkoholi likitajwa, wengi hukimbilia dikromati ya potasiamu kwa sababu ndiyo iliyopo kabatini. Kwa kupima kasi ni chaguo baya. Kromiamu(VI) husababisha saratani, inadai asidi kali, na ikishuka kutoka VI hadi III hupitia hali za uoksidishaji za IV na V ambazo nazo zinaoksidisha alkoholi. Namba unayoipata ni ya mimenyuko kadhaa iliyochanganyika. Pamanganeti nayo, pasipo asidi, huacha tope la kahawia la dioksidi ya manganizi linaloziba mwanga. Penye asidi, Mn²⁺ inayozaliwa huweza kugeuka kichocheo na kubadilisha kasi katikati ya kipimo.

Mfumo safi zaidi ni isopropanoli (propan-2-oli) inayooksidishwa na ferisianidi ya potasiamu ndani ya mmumunyo wa NaOH, rutheniamu kidogo sana ikiwa kichocheo:

(CH₃)₂CHOH + 2 [Fe(CN)₆]³⁻ + 2 OH⁻ → (CH₃)₂CO + 2 [Fe(CN)₆]⁴⁻ + 2 H₂O

Ferisianidi ni ya njano na hufyonza sana mwanga wa nanomita 420. Ferosianidi inayotokana nayo karibu haifyonzi chochote hapo. Kwa hiyo unachofuatilia ni kupauka kwa njano, na kwa kuwa ni mwanga wa kawaida unaoonekana, kuveti za plastiki (vikombe vidogo vya kuwekea sampuli ndani ya chombo) zinatosha. Hata kolorimita ya shule yenye kichujio cha buluu karibu na 430 inafaa.

Vifaa na mimumunyo

Unahitaji spektrofotomita au kolorimita, beseni la maji lenye kidhibiti cha joto, saa ya kuhesabu sekunde, mizani ya desimali nne, chupa za ujazo za mL 100 na 250, pipeti, na pipeti ndogo ya mikrolita 20 hadi 200 kwa ajili ya kichocheo. Maji yawe yaliyokenekwa. Ya kutengenezea NaOH yachemshwe kwanza dakika kumi kisha yapozwe yakiwa yamefunikwa, ili kaboni dioksidi itoke.

Ferisianidi, 0.0100 mol/L: pima g 0.3292 za K₃[Fe(CN)₆], yeyusha na ujaze hadi mL 100. Ifunge chupa kwa karatasi ya alumini, kwani mwanga huiharibu, na tengeneza mpya kila siku ya kazi.

NaOH, 2.00 mol/L: g 20.0 katika mL 250. Vidonge vya NaOH hunyonya unyevu ukiwa bado unavipima, hasa mwambao ambako hewa ina maji mengi, kwa hiyo namba ya mizani ni makisio tu. Ukolezi wa kweli utaupata kwa kutitrisha dhidi ya haidrojeni ftalati ya potasiamu (uzito wa moli 204.22). Hifadhi kwenye chupa ya plastiki. NaOH hula kioo taratibu na kukamatisha vizibo vyake.

NaCl, 2.00 mol/L: g 29.22 katika mL 250. Chumvi hii hulinda nguvu ya ayoni (kipimo cha wingi wa chaji zilizomo kwenye mmumunyo) isibadilike. Usichukue ya jikoni. Ina ayodati, na mara nyingi imetiwa ferosianidi ili isigandamane, yaani zao lile lile la mmenyuko unaoupima.

Isopropanoli, 2.00 mol/L: g 12.02 (karibu mL 15.3) hadi mL 100. Iwe ya maabara. Kitakasa mikono hakifai hata kikiandikwa asilimia 75 ya isopropanoli: fomula ya Shirika la Afya Duniani ina gliseroli, ambayo nayo ni alkoholi, na ina peroksidi ya haidrojeni, ambayo ndani ya besi huipausha ferisianidi bila kuhitaji rutheniamu. Spiriti iliyotiwa rangi ya zambarau nayo isahau.

Rutheniamu: hapa ndipo pa kutuliza mkono. Kloridi ya rutheniamu(III) huuzwa ikiwa na maji ambayo kiasi chake hakitabiriki, hivyo usihesabu kwa fomula, hesabu kwa asilimia ya metali iliyoandikwa kwenye lebo. Kwa lebo ya asilimia 40, mol 1.0×10⁻⁴ ni 0.01011 ÷ 0.40, sawa na g 0.0253. Yeyusha ndani ya HCl ya 0.1 mol/L hadi mL 100. Hiyo ndiyo akiba ya 1.0×10⁻³ mol/L. Asidi inazuia chumvi isioze kuwa haidroksidi nyeusi inayoelea. Siku ya kazi chukua mL 10.0 za akiba, ujaze maji hadi mL 100: hicho ndicho kichocheo cha kutumia, 1.0×10⁻⁴ mol/L. Bei ya chumvi hii hutisha, lakini hizo miligramu 25 zinatosha vipimo vya kawaida karibu 5,000.

Ukiona mwongozo unaopendekeza osmiamu tetroksidi badala ya rutheniamu, achana nao. Inafanya kazi, lakini mvuke wake huumiza macho na mapafu, na hakuna sababu ya kuingia hatarini kwa zoezi hili.

Jambo moja la usalama lisilo na mjadala: ferisianidi na ferosianidi zisikutane na asidi kali, wala zisichemshwe na asidi. Sianidi iliyomo imefungwa vizuri kwenye chuma, ndiyo maana chumvi hizi haziui kama sianidi tupu, ila asidi inaweza kuifungua na kutoa gesi ya sumu ya HCN (haidrojeni sianidi). Tone la kichocheo chenye HCl kidogo linaingia kwenye mchanganyiko ambao tayari una NaOH nyingi. Kamwe lisitangulie.

Mchanganyiko wa msingi

Jumla ni mL 10.00 katika mrija mkubwa wa majaribio:

- NaOH mL 1.00 (inakuwa 0.20 mol/L)
- NaCl mL 1.50 (0.30 mol/L)
- ferisianidi mL 0.60 (6.0×10⁻⁴ mol/L)
- isopropanoli mL 1.00 (0.20 mol/L)
- maji mL 5.70
- kichocheo mL 0.20 (2.0×10⁻⁶ mol/L)

Mmenyuko ukimaliza ferisianidi yote utakuwa umekula 3.0×10⁻⁴ mol/L ya alkoholi, yaani asilimia 0.15 tu ya iliyomo. NaOH inapungua 6.0×10⁻⁴ kati ya 0.20. Katika kipimo kimoja, basi, alkoholi na besi hazisogei, kichocheo hakiliwi, na kinachobadilika ni ferisianidi peke yake. Anayepunguza alkoholi hadi ikaribiane na ferisianidi "ili kuokoa dawa" anabaki na mkunjo ambao hawezi kuusoma.

Kama huna pipeti ndogo, zimua kichocheo mara kumi zaidi, weka mL 2.00 na upunguze maji hadi mL 3.90. HCl inayoingia nacho bado ni chini ya asilimia moja ya NaOH iliyomo.

Kabla ya kipimo cha kwanza

Chora mstari wa usanifishaji wa chombo chako. Tengeneza ferisianidi za 1, 2, 4, 6 na 8×10⁻⁴ mol/L zikiwa na NaOH na NaCl zilezile, sufurisha chombo (kisome sifuri) kwa NaOH na NaCl bila ferisianidi, kisha soma ufyonzaji (A) kwa 420. Kwa kuveti ya sentimita 1, spektrofotomita nzuri itatoa mteremko karibu na 1,040 L/mol·cm. Kolorimita yenye kichujio kipana itatoa pungufu. Hilo si tatizo, mradi mstari umenyooka na unatumia mteremko wako mwenyewe badala ya ule wa vitabuni. Ukipinda juu ya A = 0.6, punguza ferisianidi ya kuanzia.

Halafu fanya kipimo kisicho na kichocheo: weka maji mL 5.90 na uache kwa nusu saa kwenye joto lako la kazi. Njano inatakiwa iwe karibu haijasogea. Ikisogea waziwazi, kuna rutheniamu imebaki kwenye vyombo. Metali hii hung'ang'ania kioo, na kwa ukolezi wa 10⁻⁶ mabaki yasiyoonekana kwa macho yanatosha kuharibu wiki nzima ya kazi. Tenga mirija yake, iandike, na tumia kuveti za plastiki za kutupa. Usijaribu kuisafisha kwa jiki: klorini huipandisha rutheniamu hadi hali za juu, na pasipo besi ya kutosha huweza kutoa tetroksidi ya rutheniamu, mvuke wenye sumu.

Kuendesha kipimo

Chagua halijoto unayoweza kuishikilia. Dar es Salaam au Mombasa chumba chenyewe kinaweza kuwa nyuzi 30, na beseni la kawaida linajua kupasha tu, halijui kupoza. Kung'ang'ania 25 kwa sababu vitabu vinasema 25 ni kujitafutia mateso ya barafu. Fanya 30 iwe msingi wako.

Weka kila kitu kwenye mrija isipokuwa kichocheo, uuache kwenye beseni dakika kumi. Alkoholi inapokutana na maji hutoa joto kidogo, na dakika hizo ndizo zinazolimaliza. Chupa ndogo ya kichocheo nayo ikae humo humo. Tia kichocheo, washa saa, ziba, geuza mrija mara tatu bila kuutikisa kwa nguvu (mapovu kwenye kuveti huruka kama A iliyopanda ghafla), mimina kwenye kuveti, na soma kuanzia sekunde ya 30, kisha kila sekunde 30.

Lengo ni A ishuke karibu 0.3 ndani ya dakika tano hadi kumi na tano. Ikikimbia zaidi, punguza kichocheo, ikisinzia, ongeza. Kichocheo ndiyo breki na mafuta ya zoezi hili, na kurekebisha kiasi chake mwanzoni hakuharibu chochote, mradi ukishachagua ubaki nacho.

Chombo kisicho na kishikio chenye joto kinahitaji ujanja kidogo: acha mrija ndani ya beseni, chota mL 3 kila baada ya dakika mbili, soma haraka na utupe. Pointi zitakuwa chache, lakini kwa mmenyuko huu zinatosha, na sababu utaiona kwenye grafu.

Grafu ya kwanza ndiyo inayosema mengi

Mazoea ya darasani ni kuchora logarithimu ya ufyonzaji dhidi ya muda kabla hata ya kuangalia data. Usifanye hivyo. Chora A yenyewe dhidi ya muda. Ukiwa umefuata viwango vya hapo juu utaona mstari ulionyooka unaoshuka kwa mwendo uleule, ferisianidi iwe nyingi au imebaki kidogo, hadi karibu na mwisho ambako unajikunja na kulala.

Maana yake ni kwamba oda ya ferisianidi ni sifuri: kasi haijali kuna kioksidishi kiasi gani. Wanafunzi wengi hudhani wamekosea, kwa kuwa kitu kinacholiwa na mmenyuko "lazima" kiathiri kasi. Hawajakosea. Ferisianidi haiigusi alkoholi. Kazi yake ni kuirudisha rutheniamu kwenye hali yake ya juu baada ya rutheniamu kuichukua haidrojeni ya alkoholi, na urudishaji huo ni wa haraka mno kulinganisha na hatua ya kuchukua. Ni kama foleni ya kinyozi: wateja kumi wakingoja au watatu, vichwa vinavyonyolewa kwa saa ni vilevile kwa sababu kinyozi ni mmoja.

Mkunjo wa mwishoni nao una maana. Ferisianidi ikipungua sana, urudishaji unaanza kuchelewa na hatua ya haraka inaacha kuwa ya haraka. Tupa asilimia 15 ya mwisho ya data, uchukue mteremko wa sehemu iliyonyooka.

Tuseme A imeshuka kutoka 0.600 hadi 0.360 kwa sekunde 400. Mteremko ni 6.0×10⁻⁴ kwa sekunde. Gawa kwa 1,040: ferisianidi inapotea kwa 5.8×10⁻⁷ mol/L kwa sekunde. Kila alkoholi moja inakula ferisianidi mbili, kwa hiyo kasi ya alkoholi, tutakayoiita v, ni 2.9×10⁻⁷. Hiyo mbili husahaulika sana, na ukikuta matokeo ya watu wawili yanapishana mara mbili kamili, anzia hapo. Gawa v kwa ukolezi wa rutheniamu, 2.0×10⁻⁶, upate 0.14 kwa sekunde: kila atomu ya rutheniamu inamaliza molekuli moja ya alkoholi kila baada ya sekunde saba hivi.

Kutafuta oda moja baada ya nyingine

Kanuni ni ile ya siku zote: badilisha kitu kimoja, vingine vyote vibaki, ujazo wa jumla usitoke mL 10.00. Maji ndiyo yanayofidia. Kila kiwango kirudiwe mara tatu. Miteremko ikipishana zaidi ya asilimia tano, tafuta tatizo kabla ya kuendelea.

Ferisianidi: mL 0.20, 0.40, 0.60 na 0.80. Mistari minne itaanza juu au chini, lakini iwe sambamba. Huu ni uthibitisho wa pili wa oda sifuri, na ni wa lazima, kwa sababu mstari mmoja ulionyooka unaweza kutokea kwa bahati pale ambapo kichocheo kinakufa taratibu huku kitu kingine kikifidia.

Kichocheo: mL 0.10, 0.20, 0.30 na 0.40. Chora v dhidi ya ukolezi wa rutheniamu. Tegemea mstari ulionyooka unaopita karibu na sifuri. Ukikata mhimili wa v juu ya sifuri, urefu huo ni kasi ya mmenyuko usio na kichocheo. Linganisha na kile kipimo kitupu. Mstari ukianza vizuri kisha ukalala kwenye viwango vya juu, mara nyingi rutheniamu imeanza kushikana na kuzama.

Alkoholi: mL 0.25, 0.50, 1.00, 2.00 na 3.00, yaani 0.05 hadi 0.60 mol/L. Hapa usitegemee mstari. Kasi hupanda karibu sawia na alkoholi ikiwa kidogo, kisha inaanza kuchoka. Ni umbo lilelile ambalo Leonor Michaelis na Maud Menten walilieleza kwa vimeng'enya mwaka 1913, na chanzo chake kinafanana: alkoholi kwanza inashikamana na metali, ndipo hatua ngumu ifuate.

Ru + alkoholi ⇌ changamano (kisobadilika K)
changamano → Ru iliyopunguzwa + asetoni (polepole, k)
Ru iliyopunguzwa + 2 ferisianidi → Ru + 2 ferosianidi (haraka)

Kutokana na hatua hizo:

v = kK[Ru][S] ÷ (1 + K[S])

ambapo [S] ni alkoholi na [Ru] ni kichocheo chote. Vitabu vingi hukushauri uchore 1/v dhidi ya 1/[S]. Sikubaliani navyo: pointi ya alkoholi kidogo kabisa, ambayo ndiyo yenye kosa kubwa, hutupwa mbali kulia na kuuvuta mstari mzima. Chora [S]/v dhidi ya [S]. Mteremko wake ni 1/(k[Ru]), mahali unapokata mhimili ni 1/(kK[Ru]), na K ni mteremko ukigawiwa kwa sehemu hiyo ya kukatia. Bora zaidi, lisha data kwenye programu ya jedwali na uiache itafute k na K moja kwa moja kwenye mlinganyo wenyewe.

Besi: hapa ndipo uamuzi wa kutengeneza NaOH na NaCl kwa ukolezi uleule unapolipa. Jumla ya mL za hizo mbili ibaki 2.50 daima: 0.25 na 2.25, 0.50 na 2.00, 1.00 na 1.50, 2.00 na 0.50, mwisho 2.50 na 0. Nguvu ya ayoni inabaki 0.50 bila hesabu ya ziada. Ukiongeza NaOH bila kupunguza NaCl, hutajua kama kasi imebadilishwa na OH⁻ au na chumvi tu, na kwa ayoni zenye chaji kubwa kama ferisianidi athari ya chumvi si ya kupuuza.

Chora log v dhidi ya log [OH⁻]. Mteremko wa karibu 1 unaonyesha ayoni moja ya haidroksidi inahusika kabla au wakati wa hatua ya polepole. Sifuri inaonyesha metali tayari imejaa haidroksidi. Namba hasi inaonyesha haidroksidi inagombania nafasi na alkoholi kwenye metali. Ukishawishika kusema "besi inageuza alkoholi kuwa alkoksidi" (alkoholi iliyopoteza H⁺), hesabu kwanza: pKa ya isopropanoli, kipimo cha urahisi wa kutoa H⁺, ni karibu 17, hivyo katika NaOH ya 0.20 sehemu iliyogeuka ni takriban asilimia 0.02. Inawezekana ndiyo inayofanya kazi, lakini isichukuliwe kirahisi.

Joto

Rudia mchanganyiko wa msingi kwa nyuzi 30, 35, 40 na 45. Chora logarithimu asilia ya v dhidi ya 1/T, T ikiwa kwa kelvini. Mteremko ni −Ea/R kwa mlinganyo wa Arrhenius, Ea ikiwa nishati ya kuamsha mmenyuko na R kisobadilika cha gesi. Kwa kukisia: kasi ikiongezeka mara mbili kutoka 30 hadi 40, Ea ni karibu kJ 55 kwa moli.

Kuna mtego hapa. Kwa ukolezi mmoja wa alkoholi, v imechanganya k na K, na zote mbili hubadilika na joto. Ea unayoipata ni ya mchanganyiko huo, si ya hatua ya polepole. Ukitaka ya hatua yenyewe, rudia mfululizo wote wa alkoholi kwenye kila halijoto, toa k kwa kila moja, ndipo uchore. Kazi inaongezeka mara tano, na ripoti nyingi za wanafunzi hukwepa hapo bila kusema.

Juu ya nyuzi 45 alkoholi na asetoni huanza kuvukiza na mapovu huongezeka. Usipande.

Mambo yanayoharibika, na kwa nini

Mstari ukianza polepole kisha ukashika kasi ndani ya dakika ya kwanza, ama mrija haukufikia joto la beseni, ama rutheniamu inachukua muda kupandishwa na ferisianidi hadi hali inayofanya kazi. Pambanua hivi: rudia ukiweka kichocheo mapema na alkoholi ya mwisho. Ucheleweshaji ukitoweka, ni kichocheo. Ukibaki, ni joto.

Ukianza kwa kasi kisha ukapoa mapema, A ikiwa bado 0.4, shuku rutheniamu inazama. Tazama mrija kwenye mwanga wa dirisha: ukungu wa kijivu au chembe nyeusi chini ni haidroksidi yake. Akiba iliyotengenezwa kwa maji bila HCl hufanya hivi, na kichocheo kilichozimuliwa jana pia.

A isiyofika sifuri hata baada ya saa nyingi, ukungu ukiwepo, si ferisianidi iliyobaki. Ni mwanga unaotawanywa. Soma pia kwa nanomita 600, ambako ferisianidi haifyonzi. Kinachoonekana hapo ni uchafu.

Madoa ya buluu kwenye vyombo ni buluu ya Prussia, chuma kutoka kwenye bomba au kutu kikikutana na mabaki. Huvunjika kwa NaOH iliyozimuliwa, kisha suuza kwa maji mengi. Asidi haiyatoi, na unajua kwa nini isikaribie.

Kuthibitisha kuwa zao ni asetoni

Usitumie jaribio la iyodofomu: isopropanoli yenyewe hutoa iyodofomu, kwa hiyo jibu ni ndiyo hata mmenyuko usipotokea. Jaribio la 2,4-dinitrofenilihaidrazini linapambanua, ila dawa hiyo ina asidi. Kwanza keneka mchanganyiko wenye besi, chukua matone ya mwanzo (asetoni huchemka kwa nyuzi 56), ndipo uyapime hayo peke yake. Mashapo ya njano hadi rangi ya chungwa ni asetoni. Kwa hili tengeneza mchanganyiko wenye ferisianidi mara hamsini ya kawaida, la sivyo hakuna cha kukeneka. Na usiuache ulale usiku kucha, maana asetoni nayo inaweza kuendelea kuoksidishwa polepole.

Kinetiki inaishia wapi

Oda hizi zinakuambia nini kimo ndani ya hatua ya polepole. Hazikuambii kifungo gani kinakatika. Ushahidi wa hilo hutoka kwa isopropanoli yenye deuteriamu (haidrojeni nzito) kwenye kaboni ya katikati: kasi ikishuka mara kadhaa, kifungo cha C–H kinakatika kwenye hatua hiyo. Kujua kama elektroni hutoka mbili kwa pamoja au moja moja, siklobutanoli ni shahidi mzuri: zikitoka mbili hubaki na pete na kuwa siklobutanoni, ikitoka moja pete hupasuka na mazao ya mnyororo ulio wazi hupatikana. Ripoti isiyo na ushahidi wa aina hiyo iseme "data zinakubaliana na hatua hizi", isiseme "tumethibitisha".

Taka

Mabaki yote yenye ferisianidi, ferosianidi na rutheniamu yaende kwenye chupa moja ya plastiki yenye lebo, pH juu ya 10, isiyopigwa na jua, kabati tofauti na asidi. Yasimwagwe sinki. Yanakabidhiwa kwa mkusanyaji mwenye kibali cha taka hatarishi chini ya mamlaka ya mazingira ya nchi yako, kwa Kenya ni NEMA. Akiba ya rutheniamu ambayo haijaguswa na sianidi ibaki kwenye HCl yake, izibwe vizuri, iandikwe tarehe na asilimia ya metali iliyotumika kwenye hesabu, kwa sababu atakayeifungua mwakani hatakuwa na lebo ya kopo la kwanza.